Chumvi Niliyotia Kwenye Sanduku la Vipimo

Nilikosa. Naanza hapo, kwa sababu nikianza pengine nitajitetea, na kujitetea ndiyo kazi niliyoijua zaidi baada ya samaki.

Niliharibu sanduku la vipimo la hospitali yetu. Nikasema si mimi. Nikamfukuzisha kazi mtu asiye na hatia. Na damu iliyokuwa ikingoja sanduku lile ilikuwa ya mke wa mwanangu.

Hilo la mwisho sikulijua wakati ule. Lakini msinihurumie kwa sababu hiyo. Hata ingekuwa damu ya mtu wa mbali, kosa lingebaki kosa.

Jina langu silitaji, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Watu wa pande za Muhuru Bay wakisoma watanijua tu. Basi na wanijue.

Shule niliacha darasa la tatu. Nilianza kwa kubeba omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani, nikapata baiskeli, halafu pikapu, na hakuna mtu anayeweza kusema alinisukuma. Wakati mbuta, yaani sangara, walipoanza kutakiwa na wenye viwanda, wengi walikuwa wanafika na samaki waliolegea, macho yamezama. Wangu walifika wagumu kama mbao.

Siri yangu ilikuwa chumvi. Ukiponda barafu ukaichanganya na chumvi ya mawe, baridi yake inauma kupita kawaida. Hata soda ukiiweka humo inaganda chupa inapasuka. Hilo sikulisoma mahali. Nililigundua mwenyewe, na tangu siku hiyo nikajiona kwamba mambo ya baridi nayajua kuliko mtu yeyote kutoka Homa Bay hadi mpakani.

Hospitali yetu ni ndogo, tuliijenga kwa harambee. Mimi nilitoa mawe na mabati ya wodi ya akina mama, ndipo wakanifanya mwenyekiti wa kamati. Daktari mmoja mgeni aliyekaa kwetu miaka miwili alituachia mashine ya kupimia damu. Aliyejua kuitumia alikuwa mtu mmoja tu, fundi wa maabara, Mkuria. Nitamwita Mwita. Kijaluo hakukijua, mimi Kikuria sikijui, kwa hivyo tulizungumza Kiswahili.

Siku moja nilimuuliza mashine hiyo inafanya nini.

"Mzee, wewe ni mtu wa nyavu," akasema. "Wavu wa omena na wavu wa mbuta si mmoja, sivyo?"

"Hata mtoto anajua hilo."

"Sasa fikiria wavu wa kushika samaki wa aina moja tu kati ya wote walio ziwani. Wengine wote wanapita. Huu wangu unashika protini moja tu ndani ya damu. Ikiwa nyingi, rangi inakolea. Ikiwa kidogo, rangi inafifia. Mashine inasoma rangi inanipa nambari."

"Na huo wavu uko wapi? Mimi naona kisahani cha plastiki chenye vishimo, kama sega la nyuki."

"Hauonekani kwa macho. Umebandikwa ndani ya vishimo hivyo, na mwingine uko kwenye vichupa. Ndiyo maana unaharibika upesi. Joto linauharibu, na ukiganda unaharibika vilevile."

Hilo la kuganda nililisikia. Nataka mjue kwamba nililisikia.

Sasa njooni nyumbani kwangu. Mwanangu wa kwanza, Ouma, alikuwa ameoa msichana kutoka Kano, nasi tunamwita Nyar Kano, binti wa Kano. Mimba yake ya kwanza haikuwa na mtoto. Ilikuwa ile wanayoiita mimba ya zabibu. Tumbo linakua, lakini ndani kuna vitu vya maji maji kama kishada cha zabibu. Walimsafisha, lakini mimba ya namna hiyo huweza kuacha mabaki, na mabaki yakiota tena yanageuka kuwa ugonjwa mbaya unaotembea mwilini.

Njia ya kujua ni kupima protini inayotolewa na mimba. Unapima kila baada ya wiki mbili mpaka ipotee kabisa kwenye damu. Yake ilikuwa inashuka vizuri. Halafu vipimo vikaisha hospitalini kabla haijapotea.

Hayo yote niliyajua baadaye. Kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, na mambo ya mwili wake hayatajwi mbele yake. Nikikaribia jikoni, mazungumzo yanageuka kuwa ya kuku. Niliambiwa tu kwamba alilazwa na ametoka, nami nikanyamaza kama inavyotakiwa. Mara moja tu nilimwambia Ouma huku nikicheka, "Sasa mnangoja nini? Mimi nazeeka." Akaangalia chini. Nikafikiri ni haya.

Sanduku jipya la vipimo lilipofika Homa Bay kwa basi, matroni aliniomba nilibebe, maana Ijumaa hiyo nilikuwa naenda huko. Mwita akanifuata mpaka kwenye pikapu.

"Mzee, limo ndani ya kisanduku cheupe cha povu gumu. Usilitoe humo. Likae kwenye baridi, lakini barafu isiliguse."

"Mwita, wewe umeuza barafu lini?"

"Sijawahi, Mzee."

"Basi usinifundishe kuoga na wewe ni wa mlimani, mimi ni wa ziwani."

Waliokuwa karibu walicheka. Yeye pia alicheka.

Nilipofika Homa Bay nilikuta kile kisanduku cheupe kimewekwa kando ya mlango wa ofisi ya basi, juani. Vile vifuko vya barafu vya ndani vilikuwa vimebaki maji. Nikakasirika. Nikawaambia watu wa ofisi ile kwamba hawajui kutunza kitu. Na kweli hawakujua, lakini hilo halinisaidii leo.

Siku hiyo nilikuwa na mbuta wa harusi, wa kushusha Migori. Na mimi ni Msabato. Ijumaa jua likizama kazi yangu imekwisha, mtu asinitafute. Sikuona kama nina nafasi ya kuzunguka nikitafuta vifuko vingine. Nikatoa ile kartoni ya vipimo, nikaizika katikati ya samaki, nikaifunika barafu. Halafu nikatupa chumvi kama kila siku.

Nikisema mkono ulijitupia wenyewe nitakuwa nadanganya tena. Neno la Mwita lilinijia nikiwa nimeshika ile chumvi. Nikajiambia, huyu mtu wa vichupa ataniambia nini juu ya barafu. Nikaongeza konzi nyingine.

Migori nilishusha samaki, nikaitoa kartoni. Nikaifungua. Maji ya vichupa yalikuwa yamekuwa meupe. Nikatikisa kimoja. Hakikutoa sauti.

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu mwema. Kartoni iko mkononi, barabara iko mbele, ningefika niseme, "Mwita, nimekuharibia." Yeye angekasirika, angeagiza lingine. Lingefika baada ya wiki tatu. Hakuna ambaye angeumia.

Nilivipanga vichupa juu ya boneti, injini ikiwa bado ya moto, nikaagiza chai. Vilipoyeyuka nikavifuta kimoja kimoja kwa leso. Nikaifuta na kartoni. Nikarudisha kila kitu kwenye kisanduku cheupe, nikajiambia samaki akiganda akayeyuka bado ni samaki.

Jua lilikuwa limebaki kidogo nilipofika hospitali. Mwita alikuwa amesimama langoni.

"Haikuganda, Mzee?"

"Haikuganda."

"Hata kidogo?"

"Mwita, mimi ni mzee wa kanisa na Sabato inaingia. Unataka niape?"

"Hapana, Mzee. Asante sana." Akaipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu alipima. Kila sanduku huja na kichupa cha mfano, ambacho protini yake inajulikana ni kiasi gani. Hicho lazima kitoe rangi. Kisipotoa, vipimo vimekufa. Hakikutoa rangi yoyote. Mwita alirudia mara mbili, maji ya vile vishimo yakabaki kama ya kisimani.

Mtu mwingine angeandika kwamba wagonjwa wote hawana kitu, maana ndivyo vishimo vilivyoonyesha. Mwita alikataa kuandika. Alimwambia matroni, "Siwezi kumwambia mgonjwa ziwa halina samaki wakati wavu wangu umetoboka." Halafu akaandika barua kwa kamati kwamba sanduku liliganda njiani.

Njiani ni mimi. Barua ile iliponifikia, na matroni akanisomea mbele ya watu, masikio yaliniwaka moto. Nikaitisha kikao.

Mwita alikuja na ile kartoni. Akaiweka mezani.

"Wazee, tazameni hapa pembeni. Hii mistari myeupe ni chumvi iliyokauka. Maabara yangu haina chumvi."

Wote wakanigeukia. Nilijua nikinyamaza kidogo tu, nimekwisha. Nikasema, "Mtu wa mlimani akishuka ziwani anaona chumvi kila mahali. Labda ni ugali wake ndio hauna."

Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Ndugu zangu, niliwahi kuchekesha watu mara nyingi maishani, na zote nimezisahau isipokuwa hiyo.

Walipokuwa bado wanacheka nikaendelea. "Friji ya mafuta ya taa ukiwasha moto mkubwa inagandisha mpaka maziwa. Nani hukata utambi wa friji ya maabara?"

"Ni mimi," akasema Mwita.

"Mmesikia."

Hakuna aliyeuliza swali lingine. Nani angeuliza, na mabati ya juu yake ni yangu? Tukakubaliana aondoke.

Mwita akasimama. "Mwenyekiti, sisemi juu yangu. Kuna wagonjwa wanaongojea kipimo hiki. Nikiondoka nani atawapima?"

"Hospitali hii haikuanza na wewe."

Alifungua mdomo kama anayetaka kunijibu, akanitazama mimi peke yangu, kisha akaufunga. Nilidhani nimemshinda.

Sanduku lingine lilikuja baada ya wiki tatu, na safari hii lilibebwa vizuri. Matroni alilipokea akaliweka kwenye friji. Halikuwa na mtu wa kulifungua. Tulitafuta fundi mwingine, huyu akaja akaona barabara akarudi, yule akataka nyumba ya mawe. Miezi minne ikapita. Sanduku lilikaa kwenye friji mpaka tarehe yake ikapita, zima, halijaguswa.

Katika mwezi wa tano tangu Mwita aondoke, Nyar Kano alianza kutokwa na damu. Halafu akaanza kukohoa, na kikohozi kikawa na damu vilevile.

Tulimpeleka Kisumu kwa pikapu yangu. Mbele karibu yangu hakuweza kukaa, mimi ni baba mkwe wake. Tulimtandikia godoro nyuma, mahali pa sanduku la barafu, mke wangu akimshika kichwa na Ouma akimshika miguu. Kila shimo la barabara nililipitia polepole, na kila shimo nilimsikia.

Kule daktari alimuuliza Ouma, "Nambari zake za mwisho ziko wapi?"

"Zilikatika," Ouma akasema. "Mpimaji alifukuzwa."

Nilikuwa mlangoni. Nikamvuta mke wangu nje. Yeye huniita Wuon Ouma, yaani baba yake Ouma.

"Nambari gani anazouliza?"

"Wuon Ouma, si mambo ya kukuambia hayo."

"Niambie."

Akafunika mdomo kwa kitambaa, akaniambia akiutazama ukuta. Mimba ya zabibu. Protini. Kila wiki mbili. "Ni ile kazi ya yule Mkuria wako. Alikuwa anampima vizuri, nambari zinashuka. Lile sanduku lako lilipoharibika akatuambia tusiwe na wasiwasi, lingine linakuja. Ndipo mkamfukuza, tukabaki tukingoja mpimaji mwingine."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Wewe ni baba mkwe. Ouma alitaka kuja kukuomba usimfukuze, akashindwa aanzie wapi."

Niliketi chini pale kwenye varanda kama mtoto.

Nyar Kano hakufa. Namshukuru Mungu, na madaktari wa Kisumu. Walimchoma sindano kwa miezi mingi, nywele zikamtoka, lakini damu haikukoma, na mwishowe walimtoa kizazi. Ana umri ambao wenzake ndio kwanza wanaanza kuzaa. Na mimi ndiye niliyemwambia mwanangu kwamba nazeeka.

Mke wangu na Ouma wanajua kamati ilimfukuza Mwita. Hawajui habari ya ile chumvi. Wakati ule hakuna aliyejua isipokuwa Mwita na mimi.

Basi nikamtafuta. Nilimpata upande wa Kuria, anafanya kazi ya kukausha tumbaku ya mtu. Alikuwa ameinama kwenye tundu la banda, anasoma kipimajoto kilichoning'inia ndani. Aliponiona hakushangaa.

"Karibu, Mzee. Bado unauza barafu?"

"Mwita, ile kartoni iliganda. Niliitia chumvi. Nikaiyeyusha juu ya boneti."

"Najua."

"Ulijua siku ile?"

"Mzee, kartoni ilikuwa na gamba la mbuta ndani yake. Hilo sikulionyesha kikaoni. Niliona chumvi inatosha kumfanya mtu aseme kweli mwenyewe."

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limeninyima usingizi. "Siku ile ulitaka kuniambia kitu ukanyamaza. Ulitaka kuniambia ni mke wa Ouma?"

Akatupa kuni motoni. "Siri ya mgonjwa haisemwi kikaoni. Na ningeisema mbele ya wazee, tena kwako, ningemvua nguo yule dada. Nilifikiri nikisema 'wagonjwa' inatosha. Mgonjwa ni mgonjwa, Mzee, hata asipokuwa wa kwako."

Nilipiga magoti. Sijawahi kumpigia mtu magoti tangu niwe na ndevu. Akaniinua kwa kwapa, si kwa upole sana.

"Mimi umenijia kwa sababu mimi ni rahisi. Sili nyumbani kwako. Nenda kwa mwenyewe aliyeumia."

"Mila hainiruhusu kumtajia mambo ya kizazi. Nitamwambiaje?"

"Siku ya kunidanganya mimi mila ilikuruhusu?"

Akarudi kwenye kipimajoto chake.

Nilijiuzulu uenyekiti. Niliiambia kamati yote, nikawasimulia na ile chumvi. Safari hiyo hakuna aliyecheka. Nikawaomba wasilitoe nje mpaka mwenyewe alisikie kwangu. Walimwandikia Mwita barua ya kumrudisha, hajajibu, na simlaumu. Ouma sijamwambia. Nilitaka mke wake ajue kwanza, maana ni mwili wake, si wa Ouma.

Wewe unayesoma, labda huuzi samaki. Lakini kuna kitu unachokijua vizuri, nacho kimekupa heshima. Siku moja utaambiwa na mtu mdogo kwako kwamba kitu hicho hakifai hapa. Msikilize. Ukiwa umeshakosea, sema siku hiyo hiyo. Langu lilikuwa kosa la wiki tatu, ulimi wangu ukalifanya la maisha. Na wewe unayekaa kwenye kamati, mwenyekiti akichekesha watu badala ya kujibu, usicheke. Muulize tena.

Na enyi wenye mila kama yetu, sisemi tuiache. Nasema mtu mzima atafutwe wa kumfikishia baba mkwe neno, kabla halijawa msiba.

Nyumbani kwetu Nyar Kano ndiye msomaji. Jumapili mchana huketi kwenye mlango wa jiko la mama mkwe wake akamsomea gazeti kwa sauti, na ukurasa huu wa maungamo huwa hawauruki. Mimi hukaa upande wa pili wa ukuta, nikishona magunia, nikijifanya sisikii. Kwa mdomo siwezi kumwambia. Kwa kalamu nimeweza, herufi moja moja, kwa siku kumi na moja.

Binti yangu, ukifika hapa, jina nililokupa si lako, lakini umeshajijua. Aliyetia chumvi ni mimi. Niko hapa nyuma ya ukuta. Ukinyamaza nitajua umefika, na sitaondoka mpaka useme la kusema, au mpaka uingie ndani.